Mtoto Akisema, Mzee Akisema

Tarehe 26 Desemba 2004, dakika chache baada ya ardhi kutikisika chini ya Bahari ya Hindi, watu wa kisiwa cha Simeulue nchini Indonesia walianza kukimbilia vilimani. Hakukulia king'ora, wala hakuna ofisa aliyepita na kipaza sauti. Walikimbia kwa sababu tangu wakiwa watoto wa kubembelezwa walikuwa wameimbiwa na bibi zao habari za wimbi waliloliita smong: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikarudi nyuma, usisubiri kuangalia, panda juu. Wimbi hilo la kwenye nyimbo lilipiga mwaka 1907. Waliolishuhudia wakiwa watu wazima walikuwa wamekwisha kufa zamani. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000, tena kilikuwa karibu sana na chanzo cha tetemeko. Walikufa watu 7. Indonesia nzima ilipoteza zaidi ya watu 160,000.

Siku hiyohiyo, kwenye ufukwe wa Mai Khao katika kisiwa cha Phuket nchini Thailand, msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 10, Tilly Smith, alikuwa akitembea na wazazi wake. Akaona maji yanatoka povu, yanazidi kuja na hayarudi. Wiki mbili kabla, mwalimu wake wa jiografia alikuwa ameonyesha darasani filamu ya tsunami iliyoipiga Hawaii mwaka 1946. Akawaambia wazazi wake kwamba tsunami inakuja. Mama hakushawishika. Mtoto akang'ang'ana, akapaza sauti, mpaka baba akaenda kwa mlinzi wa hoteli, na watu kama 100 wakaondolewa pale. Hakufa hata mmoja kwenye ufukwe huo.

Nazipenda habari hizi zikisimuliwa pamoja. Ukimpa mtu ya Simeulue peke yake, atasema ndiyo maana wazee wanatakiwa kusikilizwa. Ukimpa ya Mai Khao peke yake, atasema watoto wa siku hizi wanajua mambo. Ukiziweka bega kwa bega, swali la nani anajua zaidi linakosa maana. Bibi walijua. Msichana alijua. Pande zote mbili waliookoka waliokolewa na mtu aliyeamini alichoambiwa akainua mguu. Kisiwani watu walikuwa wamelelewa katika kuamini huko kwa miaka 97. Hotelini, baba wa mtu alikuwa na dakika chache tu za kukubali kwamba mwanawe anaweza kujua jambo ambalo yeye halijui. Hilo la pili ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu wengi wetu hatujalelewa nalo.

Methali zetu zinaelemea upande mmoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Penye wazee haliharibiki neno. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Siipingi hata moja, na nimeziona zikitimia. Lakini nikitafuta methali ya kumwambia mkubwa amsikilize mdogo naambulia chache mno, tena zile zisizotumika sana. Mtoto anafundishwa kusikiliza kuanzia siku ya kwanza. Mtu mzima anafundishwa lini? Hakuna siku anayoitwa na kuambiwa kwamba sasa umefika umri wa kuanza kuuliza walio chini yako.

Hata wanyama wanatuonyesha kwamba mambo hayo mawili yanahitajiana. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga Hifadhi ya Tarangire, Tanzania. Katika ndama 81 wa tembo waliokuwa wakifuatiliwa, 16 walikufa ndani ya miezi tisa, wakati katika hali ya kawaida hufa kama wawili kwa mia. Vifo havikugawanyika sawa. Makundi yaliyoondoka hifadhini kwenda kutafuta maji na malisho kwingine yalipoteza ndama wachache, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakiongozwa na majike wenye umri mkubwa. Kundi lililobaki, ambalo majike yake wakongwe walikuwa wamemalizwa na majangili miaka ya nyuma, ndilo lililoumia zaidi. Watafiti walioandika habari hiyo mwaka 2008 walidhani kwamba majike wale wakubwa huenda walikumbuka ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961, walipokuwa wadogo. Jangili anapomuua tembo mkongwe kwa ajili ya pembe, anaua pia njia ya kwenda kwenye maji. Sijui kama kuna hasara inayonisikitisha kuliko hiyo katika habari zote za wanyama nilizowahi kusoma.

Sasa nenda Japani, kwenye kisiwa cha Koshima, mwaka 1953. Nyani mdogo wa kike, wa mwaka mmoja na nusu hivi, ambaye watafiti walimpa jina la Imo, alianza kuosha viazi vitamu majini ili kutoa mchanga kabla ya kula. Wenzake wa rika lake wakaiga, na mama yake akaiga. Kufikia mwaka 1958, kati ya nyani wadogo 19 wenye umri wa miaka miwili hadi saba, 15 walikuwa wakiosha viazi. Kati ya wakubwa 11, waliokuwa wakiosha ni wawili tu. Wengine waliendelea kutafuna mchanga. Uamuzi huo ni wao, lakini mimi nikiwaza nyani mzee anayetafuna mchanga huku mjukuu wake ameketi karibu yake na kiazi safi, nawaona watu kadhaa ninaowafahamu.

Basi turudi kwa watu. Kwa nini ni vigumu?

Sababu mojawapo ni kwamba ujuzi mwingi wa wakubwa hautamkiki. Mjomba wangu ni seremala, na nikiwa kijana nilishinda sana kwenye karakana yake. Nilikuwa namwuliza anajuaje kwamba randa imenoleka sawasawa. Ananijibu, "Isikilize." Nasikiliza, nasikia randa. Namwuliza anajuaje mbao ianze kurandwa kutoka upande upi, anasema, "Si unaiona?" Siioni. Kwa muda mrefu niliamini, kama vijana wengi wanavyoamini, kwamba fundi anaficha, kwamba anatupa maneno mafupi ili tusije tukamnyang'anya wateja. Wapo wanaoficha, siwatetei. Ila mjomba hakuwa anaficha. Alikuwa hajui kwamba anachokijua ni kitu cha kuelezwa. Mkono wake ulikwisha kulizoea jambo hilo miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, na mkono hauna maneno. Siku nilipoanza kuusikia ule mlio, ule mwororo wa maranda marefu yanayojikunja, tofauti na mkwaruzo wa randa inayong'oa nyuzi, nilijaribu kumweleza kijana aliyenifuata. Nikajikuta nasema, "Isikilize."

Mwanasosholojia wa Uingereza, Harry Collins, aliliona jambo hilohilo mahali ambapo hakuna mtu angelitegemea: kwenye maabara za fizikia. Mwaka 1974 alichapisha utafiti kuhusu wanasayansi waliokuwa wakijaribu kutengeneza aina mpya ya leza. Maelezo yote yalikuwa yameandikwa na kuchapishwa, na waliokuwa wakiyasoma ni wataalamu. Collins hakukuta maabara hata moja iliyofanikiwa kwa kufuata maandishi peke yake. Waliofanikiwa walikuwa wamekaa na mtu aliyekwisha kuitengeneza, au walitembeleana naye, au walipigiana simu mara kwa mara. Ikiwa leza inahitaji kukaa jirani na anayejua, usishangae mlango wa mbao ukihitaji.

Ndiyo maana ninapoona vijana wakiwaendea wazee na kinasa sauti na kuwaomba "hekima", moyo unanishuka kidogo. Nia ni njema, lakini mzee akiombwa hekima anatoa methali, kwa sababu ndicho kitu kilichopangika kichwani kwa ajili ya kutolewa. Mwulize kuhusu kazi. Mwulize mara ya mwisho kitu kilipoharibika alianza kushika nini. Mwulize ni kosa gani la wanagenzi linalomuudhi kuliko yote, na analigunduaje kabla hawajalifanya. Afadhali zaidi, mletee kitu kilichoharibika, umpe mkononi, unyamaze. Atasema mambo ambayo hakujua kwamba anayajua.

Na kuna mpangilio wa kujifunza ambao wazee wa kazi wanaufuata bila kuuandika popote. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave alikaa na mafundi cherehani nchini Liberia, akaona kwamba mwanagenzi anaanzia mwisho. Kazi yake ya kwanza ni vifungo na pindo, mambo ya kumalizia nguo. Kisha anajifunza kushona vipande. Kukata kitambaa kunakuja mwishoni kabisa. Ukilitazama juu juu ni jambo la ajabu, maana nguo huanzia kwenye kukata. Ila fikiria: kifungo kilichokaa vibaya kinatolewa na kurudishwa, mshono uliopinda unafumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya ndiyo basi. Tena anayeanza na vifungo anaishika nguo nzima kila siku, na anaijua umbo lake kabla hajaulizwa jinsi ya kuigawa vipande. Hakuna aliyekaa kamati kupanga hivyo. Mtu mdogo aliwekwa pembeni mwa kazi halisi, akapewa sehemu asiyoweza kuiharibu, akasogezwa ndani taratibu. Shule nyingi zingefaidika kwa kuutazama mpango huo kwa makini, na ofisi pia, ambako kijana mpya ama anaachwa afotokopi makaratasi mwaka mzima, ama anatupiwa mkasi na kitambaa siku ya kwanza.

Upande wa pili, wa mdogo kumfundisha mkubwa, kazi ni tofauti. Hapa ujuzi una maneno, tena mengi, ila heshima ndiyo inayokwama njiani. Mwaka 1999 Jack Welch, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya General Electric ya Marekani, aliwaagiza viongozi wake wa juu wapatao 500 watafute vijana wa kuwafundisha intaneti. Naye mwenyewe alikuwa na mwalimu wake. Kilichonivutia ni kwamba amri ilitoka juu kabisa. Mtu mzima hakuhitaji kujieleza kwa nini anamwuliza kijana, na kijana hakuhitaji kuomba radhi kwa kujua.

Nyumbani hakuna wa kutoa amri. Shangazi yangu alipopata simu ya kisasa, walimu wake walikuwa wajukuu wawili. Wa kwanza, wa kiume, ana moyo mzuri na vidole vyepesi. Shangazi akiuliza jambo, anasema, "Lete, bibi," anaichukua simu, anagusa mara tatu, anairudisha. Kazi imeisha. Alichojifunza shangazi ni kwamba mjukuu wake anajua. Baada ya muda akaacha kuuliza, akisema anamsumbua mtoto.

Wa pili, dada yake, alifanya kitu ambacho sikumwona mtu yeyote akimwelekeza. Alikaa na mikono yake chini ya mapaja. Simu ilibaki kwa bibi tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale bibi alipokosea na kujikuta kwenye kurasa za ajabu. Na kitu cha kwanza alichomfundisha kilikuwa kurudi nyuma. "Bibi, ukipotea popote, gusa hapa, unarudi ulikotoka." Walirudia hilo peke yake jioni nzima. Nikaona hofu inamtoka mama wa watu. Anayeanza akiwa mtu mzima haogopi kutojua, anaogopa kuharibu kitu cha watu na kuonekana mjinga mbele ya mtoto aliyemlea. Ukishamhakikishia kwamba hakuna kosa lisilorudi nyuma, yaliyobaki anayatafuta mwenyewe. Halafu mjukuu akamletea daftari. Hatua aliziandika bibi, kwa maneno yake, ambayo wala hayafanani na yaliyo kwenye simu. Kitufe cha kutuma anakiita "kishale", na kwenye daftari kimeandikwa kishale.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alifundisha kwamba mahali pa kumfundishia mtu ni kati ya kile anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akiwa na msaada. Aliandika akiwafikiria watoto. Yule binti, ambaye nina hakika hajamsoma, alipaona mahali hapo kwa bibi yake kwa kumtazama usoni tu.

Kisha kikatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Ukaingia ujumbe kwenye simu ya shangazi: mwanao amepata ajali, tuma fedha upesi kwa namba hii. Mjukuu alishtuka akataka kupiga simu huku na huku. Shangazi akausoma mara mbili, akauliza, "Mbona hajataja jina la mwanangu?" Akaongeza kwamba tangu zamani, kabla ya simu hizi, tapeli alikuwa mtu wa haraka. Anayekutakia mema anakupa nafasi ya kuuliza. Ulikuwa ni utapeli kweli. Namna ya kumzuia mtumaji asirudi tena, shangazi alifundishwa na mjukuu. Namna ya kumtambua, mjukuu alifundishwa na shangazi. Kila mmoja angekuwa peke yake angebaki na nusu ya kinga.

Kuna wakati rika la kati linakosekana kabisa, na hapo ndipo ninapowavulia kofia Wamaori wa Nyuzilandi. Lugha yao ilikuwa inakufa. Waliokuwa wakiizungumza vizuri ni wazee. Wengi wa watoto wa wazee hao hawakuijua, kwa sababu kulikuwa na vizazi vilivyoadhibiwa shuleni kwa kuizungumza, na wazazi wakaamua kutowapa watoto wao mzigo huo. Mwaka 1982 kilifunguliwa kituo cha kwanza cha Kōhanga Reo, ambako watoto wachanga wanalelewa na wazee kwa Kimaori pekee. Ndani ya miaka michache vituo vikawa mamia. Wazee waliwaruka watoto wao wakakabidhi lugha kwa wajukuu, kisha wazazi wakaketi pembeni wakajifunza lugha ya mama zao kutoka kwa watoto wa miaka mitatu. Nikimfikiria mzazi huyo, anayesahihishwa matamshi na mwanawe huku mama yake mzazi akisikiliza, naona ni ujasiri mkubwa kuliko mwingi tunaousifia.

Pagumu kabisa nimepaacha mwisho. Ni pale ambapo alichokijua mkubwa kimepitwa na wakati, na kukifuata kuna hatari.

Kwa miaka mingi wazazi katika nchi kadhaa walishauriwa, na madaktari wenyewe, wawalaze watoto wachanga kifudifudi. Hoja ilikuwa kwamba akitapika hatapaliwa. Baadaye utafiti ukaonyesha kwamba kulala hivyo kunaongeza vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Uingereza ilianza kampeni ya kuwataka wazazi wawalaze chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Fikiria bibi aliyelea watoto wake wote kifudifudi, wakakua, naye akafanya hivyo kwa kumtii mtaalamu. Leo mkamwana anamwambia kwamba ni hatari. Anachosikia siyo habari ya utafiti. Anasikia kwamba alikuwa mama mbaya aliyebahatika.

Nimeliona jambo hili likitokea kwa watu wa karibu yangu. Mkamwana alikuwa sahihi na alisema kwa adabu. "Mama, kliniki wametwambia tumlaze chali." Mama mkwe hakubishana. Alimgeuza mtoto, akamlaza chali, na kuanzia siku hiyo akaacha kumgusa. Akiulizwa lolote, hata la kumvisha nguo, anajibu, "Nyinyi ndio mnaojua siku hizi." Mtoto alikuwa salama, lakini nyumba ilikuwa imepoteza mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, tena katika mambo ambayo uzoefu wake haukuwa umepitwa hata kidogo.

Hapo ndipo tunapokosea sana, sisi wenye habari mpya. Tunamsahihisha mzee kwenye jambo moja, na tunapoona amenyamaza tunadhani tumeelewana. Hatumwulizi tena kitu. Kosa moja la zamani linafunika hazina yote, na yeye mwenyewe anaanza kuamini kwamba hana cha kutoa. Kumsahihisha lazima, maisha ya mtoto hayana simile. Lakini anayesahihisha ana deni la kurudi na swali, swali la kweli ambalo jibu lake analihitaji, maana mzee aliyeulizwa kwa kubembelezwa anajua haraka kuliko unavyofikiri.

Mkamwana yule alirudi nalo usiku mmoja mtoto alipolia kwa saa nzima akiwa ameshiba na hana homa. Aligonga mlango wa mama mkwe. "Mama, nimeshindwa. Huu ni mlio wa nini?" Mama akamsikiliza mtoto, akamchukua, akampakata kwa namna aliyoijua yeye, akaanza kueleza kilio cha njaa kinavyopanda na kushuka, cha tumbo kinavyokuja na magoti kukunjwa, cha usingizi kinavyokatika katikati. Alieleza mpaka mtoto akalala, akaendelea kueleza. Kisha akamlaza chali bila kuambiwa na mtu.

Siku hizi wanabishana tena. Juzi nilipowatembelea nilikuta ubishi wa maji ya kuogea, yawe ya moto kiasi gani, na kama kiwiko cha mkono kinatosha kuyapima au lazima kipimajoto. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, nami nikaulizwa niamue, nikakataa.